Breki ya Zipora

"Sirudi. Nimeshasema sirudi, au unataka nikuandikie barua?"

"Baiskeli ya mbio nimekupa. Viatu nimekutafutia mpaka Mwanza. Bado nini, nikubebe mgongoni?"

"Baiskeli yako hiyo hapo. Siti yake inakata kama msumeno."

"Siti inazoeleka."

"Wewe uliizoea? Si uliiacha ukakimbilia mashimoni?"

Hapo Masalu akainamia tyubu aliyokuwa anaziba. Zipora alikuwa na miaka kumi na saba na mdomo wa mtu wa hamsini, na akitaka kukupiga kwa neno anatafuta kwanza panapouma. Aliisukuma ile baiskeli nyembamba, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, akaiegemeza kwenye mlango wa kibanda, akafuta mikono kwenye kanga kama mtu aliyemaliza kuzika. Kisha akashika njia ya kwao, anatembea kwa miguu, hata nyuma hakuangalia.

Masalu alikuwa fundi baiskeli pale Kalangalala, Geita mjini. Kabla ya hapo alikuwa na mbio. Alipokuwa na miaka kumi na saba hakuna kijana wa Geita aliyeona uso wake barabarani, wote waliona mgongo. Ndipo ikasikika kuna rashi, dhahabu imetoka porini, watu wanaokota kama karanga. Masalu akatupa baiskeli akaenda. Alikaa kwenye duara, shimo la wachimbaji, miezi mitatu, gogo likamwangukia gotini, akarudi mjini na vumbi la mawe na mguu usiokunjika vizuri. Tangu siku hiyo akawa na ugonjwa mmoja: akiona mtoto mwenye miguu, hana usingizi. Alimpata Bujiku, akamfundisha mwaka mzima, Bujiku akaenda rashi. Akampata Wiliam, Wiliam akanunuliwa bodaboda na shemeji yake, leo anapita mbele ya kibanda akipiga honi. Zipora alikuwa wa tatu. Na leo ilikuwa Jumanne, na Jumamosi ndiyo mchujo wa timu ya kanda unafanyika Shinyanga, na atakayechaguliwa anaingia kambini kuendesha baiskeli kwa kweli, na Zipora ndiye huyo kaondoka zake na kanga kiunoni.

"Kocha," ikasema sauti pembeni. "Na pancha yangu je, au nayo imegoma?"

Alikuwa Sesilia, Mama Davis, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akisubiri tyubu yake. Alikuwa mkubwa wa wanawake wanaopeleka maji machimboni Namba Tisa kwa baiskeli. Maneno yote ameyasikia, wala hakujifanya hakuyasikia.

"Mama Davis, umeona mwenyewe," Masalu akasema. "Nimemkosea nini mtoto huyu?"

"Mi sijui mambo ya mbio."

"Nimempa kila kitu."

"Umempa kila kitu, ndiyo. Zamani alikuwa anacheka, hicho umekichukua." Akasimama, akapapasa tairi. "Kesho njoo kisimani saa kumi na mbili asubuhi. Njoo na baiskeli, ila si hiyo ya pembe. Njoo na ya kibinadamu."

Masalu alimjua Zipora barabarani. Miezi miwili nyuma alikuwa anajaribu baiskeli ya mteja kwenye mlima wa Namba Tisa, hana mzigo wowote, anahema kama mbwa, akasikia mtu anaimba nyuma yake. Akapitwa. Alipitwa na msichana aliyesimama kwenye pedeli za Foniksi nyeusi, madumu matano ya maji yamefungwa kwa mipira, lita mia moja kamili, na bado ana pumzi ya kuimba. Masalu alishuka akakaa kwenye nyasi. Jioni hiyohiyo alikuwa nyumbani kwa mama wa msichana huyo, Mama Lusia, anaomba mtoto kama mtu anayeposa.

Na alimfundisha kisawasawa. Aliangalia kwenye simu wanavyofanya Wazungu, akafuata vilevile. Kwanza akamkataza kubeba maji, eti misuli inachoka bure. Kila alfajiri anampeleka lami peke yake, yeye Masalu anakaa kwenye jiwe na saa ya kuhesabu sekunde. Zipora anakwenda, anarudi. Anakwenda, anarudi. Wiki ya kwanza alikuwa moto. Wiki ya tatu akaanza kupoa. Masalu akaongeza masharti: usile ugali usiku, usiongee ukiwa barabarani, lala saa mbili. Akazidi kupoa. Masalu akaongeza mengine. Mtu anayezima moto kwa petroli angeona aibu kufanya kama Masalu.

Basi Jumatano saa kumi na mbili alikuwa kisimani na baiskeli ya kukopa.

"Mwangaluka, baba," wanawake wakamsalimia, na wengine wakacheka palepale, maana walijua amefuata nini. Walikuwa saba. Zipora alikuwepo, anajaza madumu, akamwangalia kocha wake mara moja tu kama anavyoangaliwa mgeni wa harusi asiyejulikana kaalikwa na nani.

"Huyu anabeba mangapi?" akauliza Klara, msichana wa miaka kumi na tisa, mwembamba kama spoki.

"Mfungie mawili," Sesilia akasema. "Ni mgonjwa."

"Nifungieni manne," Masalu akasema.

"Haya, mfungieni manne. Atakayeokota maiti ni yeye Klara."

Wakaondoka. Mita mia mbili za kwanza Masalu alijiona mwanaume. Kisha upepo ukaanza, ule upepo wa kiangazi unaokuja na mchanga wake, akashangaa kuona wale wanawake wanajipanga wenyewe mmoja nyuma ya mwingine, tairi karibu inagusa tairi, kama siafu. Aliyeko mbele anakata upepo, wengine wamejificha nyuma yake. Wakifika kwenye kalavati, wa mbele anasogea pembeni, msururu unapita, yeye anadakia mkia. Hakuna aliyetoa amri. Kalavati linalofuata, hivyohivyo. Na muda wote midomo haifungwi.

"Wa nyuma kala nini?" anaimba wa mbele.

"Kala kiporo cha jana," wanajibu wote, na wa nyuma kabisa ndiye anayechekwa. Asubuhi hiyo wa nyuma kabisa alikuwa Masalu, kuanzia kisimani mpaka mwisho.

Kwenye mlima alishuka akasukuma. Lakini kabla hajashuka alikuwa ametoa saa yake mfukoni kwa siri na kuibonyeza. Zipora alikuwa mbele, madumu matano, na nyuma yake Klara alikuwa anachoka. Zipora akageuza shingo. "Klara, we mzembe, nishike tairi. Nishike tairi nakwambia, nikikuacha hapa fisi wanakula mifupa mitupu." Klara akacheka, akamshika tairi, wakapanda. Masalu akabonyeza tena. Dakika nne na nusu. Alfajiri ya Jumatatu, kwenye mlima huohuo, baiskeli ya mbio, haina hata kikombe cha maji, Zipora alitumia dakika nne na robo.

Akaiangalia saa muda mrefu, akairudisha mfukoni, akaendelea kusukuma.

Jambo la mwisho aliliona karibu na machimbo. Msururu ulikuwa unakwenda kwa kasi kweli, miti ya kwanza ya kambi inaonekana, wanaapolo, wachimbaji wa pale, wamesimama na ndoo wanangoja, na Zipora yuko mbele. Ghafla akafunga breki, akasogea pembeni, na mama mmoja mnene aliyekuwa wa sita akapita katikati kama bibi harusi, akaingia kambini wa kwanza.

"Mbona kamwachia?" Masalu akamuuliza Sesilia, alipowafikia hatimaye, jasho linamtoka mpaka kwenye masikio.

"Leo Jumatano. Jumatano anaingia yule."

"Anaingia vipi?"

"Anayeingia wa kwanza maji yake yanaisha kwanza. Sasa tukishindana kila siku, Zipora ataingia yeye tu mpaka kiama, na sisi tutarudi na madumu yetu. Kwa hiyo kila mtu ana siku yake. Ukiingia siku ya mwenzako, wiki nzima hatukusalimii."

"Hata ukiwa na nguvu?"

"Nguvu ni za njiani, baba. Mlangoni ni zamu."

Masalu alikunywa maji yake mwenyewe nusu dumu. Zipora alikuja akasimama mbele yake.

"Umekuja kunichunguza."

"Nimekuja kuomba."

"Sirudi kwenye lami peke yangu. Kule sina hata wa kumtukana."

"Sikuombi uje peke yako," Masalu akasema. "Njooni wote. Mama Davis, nipe watatu mpaka Jumamosi. Nakuja mimi hapa kila asubuhi, nabeba madumu yangu manne, na saa yangu nimeiacha nyumbani."

"Ninaiona hapo mfukoni," Zipora akasema.

"Kuanzia kesho nitaiacha nyumbani."

Wakaijadili palepale, kwa Kisukuma na kwa kupiga mapaja. Mmoja akasema mume wake hataki. Mwingine akasema ana mimba, labda kama kuna mbio za wawili. Mwishowe wakapatikana Zipora, Klara na Agnetha, binti wa mama mnene, mtu asiyeongea ila ana mapaja kama mihimili ya nyumba. Na Sesilia akasema na yeye anakwenda, si kukimbia, kwenda kuangalia watoto wa watu wasiibiwe.

Mchujo ulikuwa unaruhusu baiskeli yoyote. Masalu aliingia kibandani Alhamisi akafanya kazi kama mwehu. Alivua keria, akavua madigadi, stendi, kengele, taa, kila chuma kisicho na kazi. Akaziba, akapaka grisi, akabadilisha cheni. Foniksi ya Zipora ilipotoka pale ilikuwa kama ng'ombe aliyenyolewa, yenyewe inaona aibu. Ile baiskeli ya pembe akapewa Klara, maana yeye peke yake alisema siti haimkati, hana cha kukatwa.

Ijumaa wakapakia vyote kwenye Kanta, lori dogo lililobeba kreti tupu za soda, wakafika Shinyanga wamefunikwa na vumbi, wakalala Kolandoto kwa dada yake Sesilia. Masalu alilala ukumbini na alijizuia kusema lolote kuhusu ugali. Walikula sahani mbilimbili.

Mashindano ya wanawake yalianza saa tatu Jumamosi: kutoka mjini, kupita Kolandoto mpaka kwenye bango la kugeuzia, na kurudi. Walikuwa ishirini na mmoja. Wengine walikuja na helmeti na suruali za kubana. Foniksi ilipofika kwenye mstari, kijana mmoja akauliza kama wameleta na jembe.

"Jembe tumeliacha kwenu, mama yako kaliomba," Zipora akamjibu, na watu wakacheka mpaka mwenye filimbi akachelewa kuipuliza.

Msimamizi wa mchujo alikuwa Bi Mwahija, mwanamke wa mjini mwenye duka la vipuri vya baiskeli, ushungi wake mweupe, daftari mkononi na chupa ya chai pembeni. Masalu alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba bila kutazamwa. Akasimama karibu naye pale mwisho. Hakuwa na saa. Mikono hakujua aiweke wapi, akashika kidevu, akashika kiuno, akaishia kuikunja kwapani.

"Wako wako wangapi?" Bi Mwahija akauliza.

"Watatu."

"Umewafundisha nini?"

"Kwa kweli sijui."

Ndipo Bi Mwahija akamtazama kwa mara ya kwanza.

Wa bodaboda aliyekuwa akifuata mbio alikuja na habari. Wakati wa kwenda, wa helmeti wako mbele, kila mtu kivyake. Kwenye kugeuza, wa helmeti bado mbele. Lakini kurudi kulikuwa na upepo wa uso, ule ule wa mchanga, na Shinyanga hakuna mlima wa kujifichia. "Wanakufa mmojammoja," akasema wa bodaboda. "Kuna watatu wanawaokota. Wanaimba."

Masalu akafumba macho. Kuimba.

Walipotokea kwenye kona, mbele alikuwa Zipora, nyuma yake Klara, kisha Agnetha, na nyuma ya Agnetha msichana mmoja wa helmeti nyekundu aliyejibana kwenye mkia wao kama kupe. Hawa wanne peke yao, wengine hawaonekani. Mita mia tatu. Zipora alisimama kwenye pedeli na ile Foniksi ikaanza kupiga kelele za chuma, na Masalu akaanza kukimbia pembeni ya barabara na goti lake bovu, haoni watu, anasukuma hewa kwa mikono. Mita mia mbili. Mia na hamsini.

Zipora akageuza shingo, akaangalia nyuma. Akafunga breki.

Masalu akaacha kukimbia. Zipora akasogea kushoto, akampungia Klara mkono kama konda anayeita abiria, pita, pita, na Klara akapita kwenye baiskeli yake ya pembe, kainama, akakata utepe, akawa wa kwanza. Zipora akawa wa pili. Helmeti nyekundu ikamponyoka Agnetha, ikawa ya tatu.

"Umefunga breki," Masalu alisema alipomfikia.

"Ndiyo."

"Kwenye mchujo."

"Leo Jumamosi. Jumamosi anaingia Klara." Zipora alikuwa anahema na kutabasamu kwa pamoja. "Hukusikia tulivyosema? Mlangoni ni zamu."

"Zipora, hapa hatuuzi maji."

"Kwani mimi nilijua wewe unauza nini?"

Masalu akamwacha, akaenda kwa Bi Mwahija anachechemea. Alimkuta anaandika. "Bi Mwahija, nafasi za wanawake ni ngapi?"

"Moja. Wa kwanza."

"Yule wa pili ana nguvu kuliko wote. Umeona mwenyewe, kafunga breki. Angetaka..."

"Nimeona."

"Basi mchukue yeye. Klara ataelewa, Klara ni..."

"Klara ni nini?" Zipora alikuwa nyuma yake, na nyuma ya Zipora Klara, na nyuma ya Klara Sesilia amekunja mikono. Tabasamu lilikuwa limeisha. "Unataka nimnyang'anye mwenzangu kitu chake mbele za watu? Basi ndiyo mbio zenyewe hizo? Kama ndizo hizo, mimi leo nimemaliza. Jumatatu niko kisimani, na usije."

Masalu alijua hasemi kwa hasira tu. Bujiku alisema hivyohivyo, na Wiliam, na yeye mwenyewe zamani, mtu akisema kwa utulivu namna ile ndiyo ameshaondoka, miguu tu inasubiri. Alitazama chini. Angeweza kusema maneno mengi, na mengi yalimjia, yote ya kwenye simu.

"Nimekosea," akasema. "Klara, samahani. Utepe ni wako. Bi Mwahija, mchukue Klara."

Klara akamtazama Zipora, Zipora akatazama pembeni, lakini hakuondoka.

Bi Mwahija alifunga daftari, akajimiminia chai. Hakuwa na haraka hata kidogo. "Hiyo ya kupokezana upepo," akasema, "nani kawafundisha? Miaka minane naomba vijana wa kanda hii wafanye hivyo. Nawachorea ubaoni. Wanakubali ubaoni, wakifika barabarani kila mmoja anataka mama yake amwone peke yake."

Masalu alijua huo ndio mlango wa yeye kuingia. Akaangalia viatu vyake. "Ni Mama Davis huyu," akasema. "Mimi mwenyewe ndio wamenifundisha."

"Mama Davis, shikamoo ya kazi," Bi Mwahija akasema, na Sesilia akaitikia marahaba kama aliyezaliwa akiamkiwa. "Sasa sikilizeni. Nafasi ya mtu mmojammoja ni moja na ni ya Klara, hiyo haina maneno. Lakini kuna mbio za timu. Watu wanne, barabara moja, saa inahesabu wote kama mtu mmoja. Kanda yetu haijawahi kupeleka timu, maana sijawahi kupata wanne wasiogombana. Nyie mko watatu."

"Tunagombana sana," Agnetha akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Geita.

"Mnagombana mkiwa mmeshikana tairi. Hiyo naitaka. Kambi inaanza Jumatatu, hapahapa Shinyanga, wiki sita. Wa nne nitamtafuta."

Sesilia akauliza watalala wapi, na nani analala chumba cha jirani, na chakula ni nini, na kama kuna kanisa karibu, na Bi Mwahija akajibu yote moja baada ya lingine bila kukasirika. Mama Lusia akapigiwa simu, akalia, akakubali, akataka kuongea na Zipora, Zipora akasema atampigia. Na Masalu muda wote huo alikuwa amesimama hajui kama anaulizwa au haulizwi.

"Na wewe kocha," Bi Mwahija akasema. "Kambini nina kocha tayari. Wewe rudi Geita. Waliobaki kwenye ule msururu wako wangapi?"

"Wanne."

"Wana wadogo zao?"

Masalu akafikiri. "Kila mmoja ana kundi."

"Basi unauliza nini?"

Hakuwa ameuliza kitu. Akamshukuru, wabeja sana, akamwendea Zipora aliyekuwa anamwagia Foniksi maji kwenye cheni kana kwamba ina kiu. Alitaka kusema jambo kubwa. Kikatoka kilichozoea kutoka.

"Kambini ule vizuri. Na ulale mapema, si mnapiga hadithi mpaka usiku. Na cheni usiimwagie maji, unaiua, paka grisi. Na upepo ukitokea kulia msururu mnaupinda kushoto, mlifanya vizuri leo, lakini Agnetha anaacha nafasi, tena..."

"Yule pale anaitwa nani?" Zipora akamkatiza.

Masalu akatazama. Msichana wa helmeti nyekundu alikuwa amekaa peke yake kwenye ukingo wa mtaro, helmeti mapajani, anakunywa maji kwa funda ndogondogo, hana mtu wa kumpongeza.

"Kwenye daftari ameandikwa Loveness. Ametoka Ushetu, kwao wanalima tumbaku."

"Kaja na nani?"

"Peke yake, naona. Kapanda basi na baiskeli yake."

"Ametunyonya mgongo kilomita saba, hajakata upepo hata kalavati moja," Zipora akasema. "Ana miguu, mwizi yule. Ila hajui kitu."

"Bi Mwahija atatafuta wa nne, hiyo si kazi yako. Sasa sikiliza, nilikuwa nakwambia kuhusu Agnetha, akiwa wa tatu inabidi..."

Zipora akamwachia usukani wa Foniksi mikononi, akageuka, akaenda zake kule mtaroni anaita, "Wewe Ushetu, simama, kala nini wa nyuma?"